Mla samaki naye huweza kupungukiwa vitamini

Wengi hapa Mwanza huamini kuwa mzee anayekula sato na dagaa kila siku hawezi kupungukiwa vitamini. Miguu ikifa ganzi au akianza kusahau, basi ni uzee tu. Imani hii ina msingi, maana samaki wana kwa wingi vitamini B12, inayotunza damu na mishipa ya fahamu.

Ila mara nyingi tatizo haliko kwenye sahani, liko tumboni. B12 hushikamana na protini ya chakula, na asidi ya tumbo ndiyo husaidia kuiachanisha. Umri ukisogea, baadhi ya wazee hutoa asidi kidogo, vitamini ikapita bila kufyonzwa. Metformini ya kisukari na omeprazoli ya vidonda vya tumbo, zikitumika miaka mingi, huongeza hatari. Na kwa kuwa ini huweka akiba ya miaka kadhaa, upungufu huja polepole. Ndiyo maana hudhaniwa uzee.

Mwangalie bibi ulimi: umekuwa laini, mwekundu, unawasha akila pilipili? Anayumba akitembea gizani? Soma majina kwenye pakiti za dawa zake, kisha mwulizieni daktari kipimo cha damu cha B12. Vidonge vya foliki, vitamini nyingine ya kuongeza damu, peke yake vinaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Dawa ya sukari asiiache kwa hofu, aulize kwanza.