Je, wajua kwa nini kunyanyua vyuma huumiza mgongo hata wa mtu aliyejaa misuli?

Ronnie Coleman wa Marekani alitwaa taji la Mr. Olympia, shindano kubwa la watunisha misuli, mara 8 mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2005. Aliwahi kuchuchumaa na kuinuka mara 2 akiwa na kilo 363 mabegani. Baadaye alipasuliwa mgongo mara kadhaa, na sasa hatembei bila msaada wa magongo. Misuli yote ile haikumkinga. Kwa nini?

Tuanze na umbali kati ya chuma na kiuno, maana hapo ndipo wengi hujiumiza. Kiuno kina pingili 5, na kati ya pingili na pingili kuna diski: kiini laini kama ute, kikizungukwa na pete ngumu za nyuzinyuzi. Misuli inayonyoosha mgongo iko nyuma ya diski hizo, takriban sentimita 5 tu. Ukiinama kuinua chuma kilicho sentimita 50 mbele ya kiuno, misuli hiyo hulazimika kuvuta mara 10 ya uzito wa chuma hicho, na mvuto huo wote huikandamiza diski. Chuma cha kilo 60 kinakuwa mzigo wa kilo 600, na hapo hujahesabu kiwiliwili chako mwenyewe. Ndiyo maana kocha mzuri hukusisitizia chuma kipande kikigusa miundi.

Mgongo ukipinda chini ya mzigo, diski hubanwa upande wa mbele na kiini husukumwa nyuma, kwenye mishipa ya fahamu. Diski mbili za chini kabisa ndizo hupasuka zaidi. Tena diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, hivyo misuli ikiongezeka nguvu ndani ya miezi michache, diski hubaki nyuma.

Mkanda wa kiunoni haushiki mgongo. Kazi yake ni kulipatia tumbo mahali pa kusukumia unapovuta pumzi na kukaza. Asiyekaza, mkanda haumfai kitu.

Maumivu mengi ya kiuno hupoa bila upasuaji. Lakini ukipata ganzi makalioni na sehemu za siri, mkojo ukagoma, au miguu ikaanza kulegea, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mishipa iliyobanwa hivyo inaweza kufa, na wapo wanaoficha dalili hizi kwa aibu. Daktari asipouliza habari ya mkojo, mwambie wewe.