Muziki wa Simu Kwenye Spika Isiyo na Waya: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu: Kupiga muziki kwa Bluetooth kunakula bando.

Ukweli: Bluetooth ni mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 yanayotoka kwenye simu na kupokewa na spika bila kupitia intaneti. Kinachokula bando ni programu inayouvuta wimbo kutoka mtandaoni. Nyimbo zilizomo kwenye kadi ya memori hupigwa hata kama simu haina laini.

Dhana potofu: Spika ya Bluetooth 5 ina sauti safi kuliko ya 4.2.

Ukweli: Namba hiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi haipaswi kumshawishi mnunuzi, kwa sababu kasi na umbali vilivyoongezwa katika toleo la 5, mwaka 2016, vilihusu Bluetooth ya nishati ndogo, ilhali muziki uliendelea kupita katika njia ileile ya zamani. La kuuliza dukani ni kodeki, yaani utaratibu wa kubana sauti ambao simu na spika zote mbili zinaufahamu. Kodeki ya SBC ni ya lazima kwa kila kifaa cha muziki wa Bluetooth ya kawaida. LDAC ya Sony hufikia kilobiti 990 kwa sekunde, lakini iPhone haina LDAC, hivyo mwenye iPhone anayeilipia spika kwa ajili ya kodeki hiyo hatafaidika nayo. Kwenye simu nyingi za Android, kodeki inayotumika huonekana katika Chaguo za Wasanidi Programu wakati spika imeunganishwa.

Dhana potofu: MP3 ikigeuzwa kuwa FLAC (faili linalobana sauti bila kutupa chochote), ubora wake hurudi.

Ukweli: MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti, na kilichotupwa hakirudi. Chukua taarabu iliyobanwa hadi kilobiti 64 kwa sekunde, usikilize tari: vile visahani vyake, ambavyo vingelia kimoja kimoja, huchanganyika vikawa mchakacho wa majimaji. Ukiigeuza kuwa FLAC utaupata mchakacho uleule, ila faili litakuwa limejaza nafasi kubwa zaidi. Ni heri kuutafuta upya wimbo wenyewe kwenye CD au kwa muuzaji halali, kisha kuuhifadhi kwa FLAC tangu mwanzo.

Dhana potofu: Wimbo uliopakuliwa ndani ya programu ni mali yangu.

Ukweli: Faili hilo limefungwa ndani ya programu hiyo. Spotify, kwa mfano, humtaka msikilizaji aingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo vipakuliwa vyake huondolewa.

Dhana potofu: Muziki ukififia ghafla wakati wa simu ya video, spika za masikioni zimeharibika.

Ukweli: Maikrofoni ya spika hizo inapowashwa, Bluetooth ya kawaida huhamia kwenye hali ya mazungumzo, yenye sauti ya mkondo mmoja na ubora wa simu. Programu ikiruhusu, chagua maikrofoni ya simu yenyewe huku sauti ikibaki kwenye spika hizo, na muziki utarudi kama ulivyokuwa.