Taa ya SLIP na matairi ya Fairlady: tunayoambiana gereji na ukweli wake

Jirani yangu mmoja hapa Isevya, kijana, ana Nissan Fairlady Z ya toleo lililotoka mwaka 2002. Kwa mwezi mzima gari hilo lilishinda zaidi chini ya mwembe wa gereji kuliko barabarani. Taa mbili, SLIP na VDC OFF, ziliwaka kwenye dashibodi zikagoma kuzima (VDC ndilo jina la Nissan la mfumo wa kuzuia gari lisiteleze). Mafundi watatu wakatoa majibu matatu: sensa ya gurudumu imekufa, pampu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, imechoka, kompyuta imeingia maji. Akanunua sensa ya mtumba, taa zikabaki. Akanunua ya pili. Mimi si fundi, ni mtu wa kukaa kwenye benchi la gereji na kuuliza maswali ya kijinga, na siku ile nilimuuliza, "Mdogo wangu, kabla ya taa kuwaka ulibadili nini?"

"Hamna kitu, kaka. Matairi ya nyuma tu."

Hilo neno "tu" ndilo lililomla hela. Tabora hapa tunaamini tairi ni mpira na taa ya dashibodi ni umeme, na mpira na umeme havina undugu. Vina undugu wa damu.

"Taa ikiwaka, sensa imekufa"

Inaweza kuwa imekufa, lakini usianzie hapo. Angalia kwanza taa inawakaje. Ikimetameta sekunde moja mbili unapokanyaga mafuta kwenye tope kisha ikatulia, mfumo uko kazini na hakuna kilichoharibika. Ikiganda bila kuzima, ama mfumo umezimwa kwa kitufe, ama kompyuta imepata hesabu isiyoielewa ikaamua kukaa pembeni.

Nasema hesabu kwa makusudi. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mizunguko yake. Ni sensa zile zile za ABS, mfumo ambao Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza sokoni mwaka 1978. Udhibiti wa kuteleza ulifuata miaka ya 1980 juu ya sensa hizo hizo, na mwaka 1995 ukaja ule wa kulizuia gari lisijizungushe kwenye kona. Miaka yote hiyo kompyuta haijapata macho. Haijui kama uko kwenye lami ya Nzega au kwenye mchanga wa njia ya shambani. Inachotegemea zaidi ni kwamba gurudumu hili limezunguka mara kadhaa na lile mara kadhaa. Magurudumu ya nyuma, yanayosukuma gari kama Fairlady, yakizidi ya mbele kwa kasi, inahukumu kwamba yanateleza. Inapunguza nguvu ya injini na mara nyingine inalishika kwa breki gurudumu linalokimbia.

Tairi basi ndiyo rula yake. Ukibadili urefu wa rula bila kumwambia mwenye kupima, vipimo vyote vitakuwa vya uongo, na sensa itakuwa nzima kabisa.

"Rimu ni 18, upana ni 245, hizo ni sawa"

Hapa ndipo jirani yangu alipoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fairlady lake, lile la rimu za 18, kiwandani lilipewa mbele 225/45R18 na nyuma 245/45R18. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili si milimita, ni asilimia: ukuta wa tairi una kimo cha asilimia 45 ya huo upana. Ya mwisho ni rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi la mbele lina kipenyo cha milimita 660 hivi na la nyuma 678. Ni kweli, ya nyuma ni makubwa tangu kiwandani, kwa karibu asilimia 2.7, na kompyuta inalijua hilo. Imefundishwa kutegemea kwamba kwa kila kilomita gurudumu la nyuma litazunguka mara 470 hivi wakati la mbele linazunguka 482.

Dukani hapakuwa na 245/45. Palikuwa na 245/40R18, za bei nzuri, na muuzaji akamwambia ni kitu kile kile. Kwa macho ni kweli, ukiyasimamisha bega kwa bega unaweza kuapa ni mapacha. Lakini kipenyo cha hilo tairi ni milimita 653. Limekuwa dogo hata kuliko la mbele. Sasa kwa kila kilomita gurudumu la nyuma linazunguka mara 487, yaani mizunguko 17 zaidi ya ile kompyuta inayoitegemea. Kwa kompyuta, gari linateleza mfululizo, asubuhi hadi jioni, hata kwenye lami kavu ya saa nane mchana. Mwanzoni kijana alisema gari limekuwa zito, likikanyagwa halichomoki. Lilikuwa linabanwa kwa kosa ambalo halijalifanya. Baadaye mfumo ukachoka, ukajizima, taa zikaganda.

Kinyume chake nacho kipo. Wapo wanaosikia kwamba gari la spoti hukaa na matairi mapana nyuma, wanakwenda kuyafunga kwenye Mark X iliyotoka kiwandani na manne yanayolingana. Upana peke yake hauna tatizo kubwa. Tatizo ni kipenyo kinachopanda nao pale asilimia ya ukuta inapoachwa ile ile. Ukiongeza upana, punguza ukuta, halafu piga hesabu upya kabla hujatoa hela. Simu yako ina kikokotoo.

"Mawili mapya yanatosha, mengine bado yana kashata"

Tairi jipya huwa na kashata, ile michoro inayokanyaga barabara, ya kina cha milimita 8 hivi. Likibaki na 3, nusu kipenyo imepungua milimita 5 na kipenyo kizima milimita 10. Kwa tairi la 215/45R17 hiyo ni asilimia 1.6, bila kubadili saizi hata chembe. Magari mengi ya kusukumwa na magurudumu mawili hulivumilia hilo. Wenye Subaru ndio wenye kesi, kwa sababu magurudumu yote manne yamefungwa pamoja kwa gia. Subaru huelekeza kwamba tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi robo inchi, milimita 6.4. Ukiigawa unakuta ni tofauti ya milimita moja tu ya kashata. Hapo taa ni onyo dogo. Gharama yenyewe ni mitambo hiyo ya kuyaunganisha, inayosagika polepole katikati ya gari, mahali ambapo hakuna taa.

"Yaliyokuja na gari kutoka Japani ndiyo bora"

Chuchumaa usome ubavuni. Ukikuta neno STUDLESS, au alama ya mlima wenye chembe ya theluji, mara nyingi umeletewa tairi la baridi. Limetengenezwa kwa mpira laini unaobaki laini kwenye barafu, na limechanjwa vichale vidogo vidogo juu ya kashata. Kwa joto letu la Oktoba mpira huo unalegea, kashata inajikunja ukikata kona, na tairi linaisha upesi. Saizi inaweza kuwa sahihi kabisa, kwa hiyo taa haitaganda. Itakuwa inametameta mahali ambapo haikupaswa, na unaanza kuishuku sensa.

Angalia na umri. Baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 3216 ni wiki ya 32 ya mwaka 2016. Tairi la zamani hukauka na kuwa gumu hata kama kashata yake inang'aa. Mvua za kwanza za Novemba zikikuta lami imelala na vumbi na mafuta ya miezi sita, hilo ndilo litakalocheza.

"Mfumo unaongeza mshiko"

Hauongezi. Mshiko ni wa tairi na barabara, kompyuta inagawa kilichopo tu. Toyota 86 ilipotoka mwaka 2012 ilivishwa Michelin Primacy HP za 215/45R17, tairi la aina iliyowahi kufungwa pia kwenye Prius, gari la kubana mafuta. Wahandisi walitaka gari linaloanza kuteleza mapema na kwa upole, dereva alisikie. Taa kumetameta kwenye gari hilo si aibu. Mwenye nalo akifunga tairi linalonata zaidi, la saizi ile ile, taa itatulia na hakuna atakayekuwa amegusa waya wowote.

"Zima kile kitufe moja kwa moja, kinabana gari"

Hii ina ukweli nusu, na sisi wa Tabora tunaujua huo nusu vizuri kwa sababu mchanga wetu hauna utani. Ukinasa mchangani, kompyuta inapunguza nguvu kila gurudumu likizunguka, na gari linakaa palepale likijichimbia. Hapo zima. Punguza na upepo kama una pampu ya kuurudisha. Ukishatoka, washa na ujaze, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hukaa chini, kimo chake kutoka katikati hadi barabarani kinapungua, na tumerudi kwenye hesabu ile ile ya rula. Vipimo viko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kPa, na 230 ni takriban psi 33 za kwa fundi pancha. Pima asubuhi kabla gari halijatembea.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kila taa ni tairi. Toyota nyingi huwasha taa ya VSC, jina lao la mfumo huo huo wa kuzuia kuteleza, kwa sababu tu taa ya injini imewaka, basi tibu injini kwanza. Beringi nyingi za kisasa zina pete ya sumaku inayosomwa na sensa, fundi akiifunga imegeukia upande usio wake, gurudumu hilo linakuwa kimya. Alaimenti ikipotoka, usukani unakaa pembeni wakati gari linakwenda moja kwa moja, na kompyuta inaona kona ambayo haipo. Kupima kwa mashine ni lazima. Kufuta misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta na kumrudishia mtu gari bila kusoma ubavu wa matairi yote manne, hiyo ndiyo biashara ninayoilalamikia.

Jirani yangu aliagiza 245/45R18 mbili kutoka Dar es Salaam, zikapanda basi, akazifunga Jumamosi. Mashine ikafuta misimbo, akalizungusha gari hadi Ipuli na kurudi, taa hazikuwaka tena. Sasa ana matairi mawili ya 245/40 yaliyotumika mwezi mmoja na sensa mbili za gurudumu, zote nzima, na anatafuta mteja.