"Time" kwa Kihispania: pitia Kiswahili kwanza

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza Kihispania wana Kiingereza cha shule, na ndicho kinachowaponza. Wanatafuta "time" kwenye kamusi, wanakuta tiempo, hora, vez, época, kisha wanang'ang'ania la kwanza. Ndipo utasikia mtu akiuliza "¿Qué tiempo es?" akitaka kujua saa ngapi.

Kiingereza kiweke pembeni. Jiulize ungesemaje kwa Kiswahili. Kama ni saa, sema hora: "¿Qué hora es?" Kama ni mara, sema vez: una vez, dos veces (z hugeuka c kwenye wingi), la primera vez. Kama ni muda au nafasi, ni tiempo: "no tengo tiempo." Kazi kubwa imekwisha hapo, na wala hukuhitaji Kiingereza.

Ila Kiswahili nacho kina mitego yake. Saa ya mkononi si hora, ni reloj. Tena Wahispania hawahesabu saa kama sisi: saa saba mchana kwao ni "es la una", na ukisema "son las siete" umemwalika mgeni wa chakula cha mchana aje saa moja jioni. Halafu tiempo ni hali ya hewa pia. Ukiulizwa "¿Qué tiempo hace?" usitazame mkono, tazama dirishani.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi wanavyosema muda ambao mtu amekaa mahali. Hutumia llevar, kitenzi kile kile cha kubeba: "Llevo tres años en Madrid", yaani nimeshakaa Madrid miaka mitatu. Kitenzi kiko katika wakati uliopo, maana bado ninaishi huko. Anayetafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza hawezi kufika hapo.

Kwa wanaotafsiri mpira: mapumziko ya nusu ya mchezo ("half-time" ya Kiingereza) ni descanso Hispania, medio tiempo Mexico, entretiempo Argentina. Uliza kwanza kazi ni ya wasomaji wa wapi, ndipo ukubaliane bei.

Kuna na pale ambapo Kiingereza kina "time" lakini kwa Kihispania neno lenyewe hutoweka kabisa. Mbili mara tatu ni "dos por tres", bila vez yoyote. Na kumtakia rafiki anayekwenda sherehe afurahi ("have a good time"), Hispania utamwambia "¡Pásalo bien!", Mexico "¡Pásala bien!"