Msimamizi wa mirathi si mrithi: kujaza Fomu Namba V na VI

Ugomvi mwingi wa mirathi Tanzania Bara unatokana na imani moja, kwamba aliyeshika barua ya usimamizi ndiye mwenye mali. Sheria haisemi hivyo. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linamtaka msimamizi akusanye mali ya marehemu na fedha alizokuwa akizidai, alipe madeni na gharama za usimamizi, kisha kinachobaki akigawe kwa wanaostahili. Anaweza pia kushtaki na kushtakiwa kwa niaba ya mirathi. Ikiwa naye ni mrithi, atapata fungu lake katika mgawanyo kama wenzake, si kabla yao.

Nazungumzia Mahakama ya Mwanzo. Mamlaka yake ni pale ambapo sheria inayotumika ni ya mila au ya Kiislamu, na marehemu alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo. Maombi hufunguliwa kwa Fomu Namba I, pamoja na cheti cha kifo kutoka RITA. Muhtasari wa kikao cha ukoo huombwa mara nyingi na ni vizuri kuwa nao, ila si sharti la kisheria. Ukoo uliogawanyika usikuzuie kufungua shauri. Jambo lisilo na mjadala ni majina ya warithi: yaandikwe yote, hata ya wale msiosalimiana. Uteuzi uliopatikana kwa kuificha mahakama ukweli unaweza kufutwa.

Ukishateuliwa, saa imeanza kuhesabu. Kanuni za mwaka 1971 (Tangazo la Serikali Na. 49) zinakupa miezi minne tangu siku ya uteuzi kuwasilisha Fomu Namba V, yaani orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni. Muda haungoji benki ikujibu wala mpangaji alipe. Ukiona hautatosha, andika kuomba nyongeza kabla haujaisha, na ueleze umefanya nini mpaka sasa na kipi kimekwama.

Fomu hii ndiyo inayojazwa ovyo kuliko zote. Watu huandika "nyumba moja, shamba, gari" na kuondoka. Kwa nyumba au kiwanja andika namba ya kiwanja, kitalu kilipo, na namba ya hati kama ipo. Kama haijapimwa, taja kijiji au mtaa, majirani wa pande nne na ukubwa. Gari na pikipiki ziandikwe kwa namba ya usajili. Mifugo ihesabiwe kwa jinsia na umri. Usisahau salio la benki na la simu, hisa za SACCOS na kikoba, kodi inayoendelea kulipwa na mazao yaliyo shambani. Kodi iliyokusanywa baada ya kifo nayo ni ya mirathi, hata kama mmoja wenu ndiye aliyekuwa akiichukua.

Mali isiyo ya marehemu isiingie. Ardhi ambayo mume na mke wameandikishwa kuimiliki kwa pamoja bila mafungu huhamia kwa aliyebaki hai, haingii kwenye mirathi. Ikiwa walimiliki kwa mafungu, fungu la marehemu pekee ndilo huorodheshwa. Hapa nawasihi wajane wasinyamaze. Kanuni za urithi katika Sheria za Mila za 1963 (Tangazo la Serikali Na. 436) zinasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliona Tanzania imewakosea wajane wawili waliolalamikia kanuni hizo. Mjane ambaye mirathi ya mumewe inaendeshwa kimila hana kinga kubwa kuliko kuthibitisha mapema kilicho chake: mkataba wa mauziano wenye jina lake, stakabadhi za saruji na mabati, taarifa za mkopo alioulipa. Fomu V ikishapokelewa na mali zake zimo, kuzitoa ni kazi kubwa.

Madeni hulipwa kabla ya kugawa, na kila deni liwe na ushahidi. Rambirambi zilitolewa baada ya kifo, kwa hiyo si mali ya marehemu. Lakini ikiwa ndizo zilizolipia jeneza na chakula cha msibani, msimamizi asizidai gharama hizo tena kwenye mirathi. Hapo ndipo daftari la msiba linapohitajika.

Mgawanyo hufuata sheria iliyotajwa wakati wa kufungua shauri. Tuseme marehemu Mwislamu ameacha mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu, wazazi wake hawapo, na baada ya madeni zimebaki shilingi 48,000,000. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane, 6,000,000. Zinazobaki, 42,000,000, ni mafungu saba, kwa kuwa mwana huchukua mawili na binti moja: kila mwana 12,000,000, kila binti 6,000,000. Kama kuna wosia, hautazidi theluthi ya kilichobaki baada ya madeni, na huondolewa kabla ya hesabu hii.

Hesabu hizi zote huingia Fomu Namba VI: kilichokusanywa, kilicholipwa, nani kapata nini, na sahihi ya kila aliyepokea. Mrithi asitie sahihi kabla ya kupokea, hata akiahidiwa kesho. Mwenye malalamiko ayaseme mahakamani wakati fomu hii inapojadiliwa, kwa sababu mirathi ikishafungwa msimamizi amemaliza kazi na njia ya kumrudia inakuwa nyembamba. Hata kabla ya hapo, msimamizi anayekaa na mali kwa makusudi au uzembe dhidi ya warithi au wadai anaweza kuombewa kufutwa katika mahakama ileile iliyomteua. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Kwa ardhi yenye hati bado kuna hatua ya msajili. Kwanza msimamizi husajiliwa kwa nafasi yake ya usimamizi, kisha ndipo huhamisha kwenda kwa mrithi. Jina lake kuonekana kwenye hati katika hatua hiyo ya kati halimpi umiliki binafsi. Mnunuzi anayeuziwa kiwanja na msimamizi aombe kuona barua ya uteuzi na Fomu V, aulize kama shauri bado liko wazi, na akae na warithi wote watie sahihi mkataba kabla hajatoa hata shilingi ya kishika uchumba.