Diwali katika darasa la watoto wadogo: yanayoaminiwa na yalivyo

Diwali ni sikukuu ya taa ya Wahindu, na darasani watoto wanaweza kuiadhimisha kwa kufinyanga vitaa vya udongo. Hizi hapa ni dhana zinazosikika kuihusu. "Taa ya betri ni salama kwa sababu haina moto." Tuanze na hii, maana ndiyo dhana yenye hatari kuliko zote. Vingi vya vile vitaa vya plastiki vinavyouzwa Diwali inapokaribia hutumia betri bapa ya duara, ndogo kama kifungo cha shati. Mtoto wa miaka 2 akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza umio ndani ya saa 2, hata kama haina tena nguvu ya kuwasha taa. Huenda asilie wala asikohoe. Ukishuku tu, mpeleke hospitali mara moja na usimtapishe. Darasani mwali wa karatasi ya rangi ya machungwa unatosha: uchomeke kwenye udongo ukiwa bado mbichi.

Wengine hupendekeza kufinyanga taa kwa donge la unga na chumvi "kwa kuwa ni chakula". Kipimo cha kawaida ni vikombe 2 vya unga wa ngano kwa kikombe 1 cha chumvi, na chumvi hiyo yote si ya kuingia tumboni mwa mtoto mdogo. Tena Oktoba na Novemba ni msimu wa vuli. Hewa ya Kisumu ikiwa na unyevu, chumvi huufyonza na taa iliyokauka hulainika upya.

Udongo wa mfinyanzi ni bora, na kanda hii ya ziwa ina wafinyanzi tele. Ondoa mawe, kanda mpaka usinate mkononi, kisha mpe kila mtoto bonge la ukubwa wa ndimu. Abonyeze kidole gumba katikati. Wewe bana ukingo upande mmoja upate mdomo wa kulaza utambi. Ukuta uwe na unene wa karibu sentimita 1.

Eti kuianika juani huharakisha kazi? Huiharibu. Nje hukauka na kusinyaa ndani kukiwa bado na maji, ndipo taa hupasuka, hasa pale kitako kinene kinapokutana na ukuta mwembamba. Ifunike kwa gazeti siku ya kwanza, kisha iache kivulini siku 3 hadi 5. Rangi iwe nzito: udongo usiochomwa hulegea ukilowa.

Rangoli, yale mapambo ya sakafuni, haihitaji mchele wa rangi wala shanga. Punje huishia puani na masikioni. Loweka chaki nene dakika 5, chora duara la mita 1 kwenye saruji ya veranda, uwaachie walijaze. Mistari ikitoka nje, iache. Ukikalia kurekebisha, utakuwa umechora wewe. Watoto 3 au 4 kwa zamu wanatosha, na wakichoka baada ya dakika 10, basi.

"Hiyo ni sikukuu ya kigeni." Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na familia zenye asili ya Gujarat na Punjab zimeishi na kufanya biashara Kisumu kwa vizazi. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, na sheria huwapa Wahindu mapumziko siku ya Diwali. Tena si Wahindu peke yao: Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, humkumbuka mwalimu wao mkuu Mahavira, na Masingasinga hukumbuka kuachiliwa kwa kiongozi wao wa dini, Guru Hargobind, kutoka kifungoni katika ngome ya Gwalior, India.

Mzazi anayehofia kuwa mwanawe ataabudishwa ana haki ya kuelezwa mapema. Kufinyanga taa si ibada. Usiweke sanamu wala maombi, na usichore miungu sakafuni mahali watoto watakapokanyaga.

Tarehe nayo hufuata mwandamo wa mwezi: 20 Oktoba mwaka 2025, 8 Novemba mwaka 2026. Ikiangukia Novemba, mara nyingi shule huwa zimefungwa, kwa hivyo finyangeni wiki mbili kabla ya kufunga, mtoto aende na taa yake nyumbani ikiwa imekauka.