Kaizari Anapouawa kwa Kiswahili

Kila ninapofundisha Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, siku ya kwanza sianzi na mwanzo. Naenda moja kwa moja mazishini, kwenye onyesho la pili la tendo la tatu, ambapo Kaizari amekwisha kuuawa na watu wawili wanapanda mimbari, mmoja baada ya mwingine, kuzungumza na umma wa Roma. Huwachagua wanafunzi wawili wenye sauti za kusikika, nikawapa hotuba hizo wazisome bila maelezo yoyote kutoka kwangu. Brutus, mmoja wa wauaji, anasema kwamba si kwamba alimpenda Kaizari kidogo, bali aliipenda Roma zaidi, na darasa zima humwafiki. Kisha Antony, rafiki wa Kaizari, anaanza, na kabla hajafika nusu ya hotuba yake nyuso zimekwisha kubadilika.

Kinachotokea hapo ni ufundi mtupu, na unaweza kuonyeshwa neno kwa neno. Brutus anazungumza kwa nathari. Sentensi zake zimepangwa mbilimbili, kila moja na mwenzake wa kuisawazisha, kama hoja za wakili aliyekesha akiziandaa. Anatoa sababu na anatarajia sababu zitoshe. Antony anazungumza kwa ushairi, mistari ya silabi 10 hivi isiyo na vina, yenye mapigo yanayokaribia usemi wa kawaida. Anatangaza kwamba amekuja kumzika Kaizari, hakuja kumsifu. Lakini kila anapotaja jema la marehemu, yaani fidia za mateka zilizojaza hazina ya Roma, machozi yake kwa ajili ya maskini, taji alilolikataa mara tatu, anarudia kauli ileile kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza kauli hiyo ni adabu. Mara ya pili inaacha shaka. Ikifika mara ya nne imekwisha kuwa tusi, ingawa maneno ni yaleyale. Aliyewahi kumsikia msemaji hodari wa Kiswahili akilirudia neno “mheshimiwa” mpaka likageuka sumu hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kisa chenyewe Shakespeare alikichukua kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North iliyochapishwa mwaka 1579. Plutarch anaeleza tu kwamba Antony alimsifu marehemu, akawaamsha watu huruma, akawaonyesha vazi lenye damu. Hakuyaandika maneno aliyoyasema. Maneno ni ya Shakespeare, na vivyo hivyo uamuzi wa kumpa Brutus nathari na Antony ushairi.

Watu huniuliza kwa nini mtu aliyefariki mwaka 1616 bado anaigizwa duniani kote. Jibu la haraka ni kwamba Waingereza walimsambaza pamoja na himaya yao, na jibu hilo lina ukweli ambao sitaki kuupunguza: katika shule za kikoloni alisomwa kwa lazima, akakaririwa kwa ajili ya mtihani, na wengi walimchukia kwa haki. Lakini mwandishi anayeshikiliwa na mtihani peke yake huachwa siku mtihani unapoondoka, na huyu hakuachwa. Naamini sababu ni kwamba hakutoa hukumu. Kila mhusika anapewa hoja yake nzima, kwa nguvu zake zote, na hakuna msimulizi anayesimama pembeni kutuambia nani ana haki. Hata maelekezo ya jukwaani ni machache mno. Kwa desturi ya kumbi za wakati wake, kila mwigizaji alipewa karatasi yenye maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwenzake ya kumjulisha kwamba zamu yake imefika. Uamuzi wote uliobaki uliachiwa wanaoigiza, na umeendelea kuachiwa wanaoigiza.

Ndiyo maana tamthilia moja hubeba mambo ambayo mwandishi hakuyajua. Tarehe 21 Septemba 1599, msafiri wa Kiswisi aitwaye Thomas Platter alitazama mchezo wa kuuawa kwa Kaizari katika ukumbi wa kuezekwa kwa nyasi jijini London. Malkia Elizabeth alikuwa na umri wa miaka 66, hana mrithi, na kulijadili hadharani suala la nani atakayemfuata lilikuwa jambo la hatari. Umati uliokuwa pale ulikuwa na sababu zake za kusikiliza kwa makini. Karibu miaka 400 baadaye, katika gereza la Kisiwa cha Robben nchini Afrika Kusini, mfungwa Sonny Venkatrathnam alikuwa na nakala ya tamthilia zote za Shakespeare, akaifunika kwa kadi za sikukuu ya Diwali ili ionekane kama kitabu cha dini. Aliwapitishia wenzake, kila mmoja akatia saini kwenye maneno aliyoyapenda. Nelson Mandela alitia saini yake tarehe 16 Desemba 1977, kando ya maneno ya Kaizari kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya kufa kwao, na shujaa huonja mauti mara moja tu. Nastaajabu kila ninapokumbuka kwamba katika tamthilia yenyewe anayesema hivyo ni mtawala anayetuhumiwa udikteta, saa chache kabla hajachomwa visu.

Na maneno hayo yangeweza kupotea. Shakespeare alipofariki, takriban nusu ya tamthilia zake zilikuwa hazijachapishwa. Waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, walizikusanya tamthilia 36 wakazitoa katika kitabu kimoja mwaka 1623, na 18 kati ya hizo hazina chapa nyingine ya kabla ya hapo. Miongoni mwa hizo 18 zimo Juliasi Kaizari, Makbeth na Tufani. Kwa msomaji wa Kiswahili hili ni jambo zito: tafsiri ya ile ya kwanza kati ya hizo tatu ni ya Julius Nyerere, na za mbili zilizobaki ni za Samuel Mushi, za mwishoni mwa miaka ya 1960.

Visa vya Shakespeare vilikuwa vimefika kwetu zamani kidogo. Mwaka 1867 mmisionari Edward Steere alichapisha Zanzibar hadithi nne zilizotokana naye, lakini zilikuwa hadithi tu, zimevuliwa ushairi. Nyerere, mwaka 1963, aliurudisha ushairi, akaandika mistari isiyo na vina katika lugha ambayo shairi lake lilijulikana kwa vina na mizani. Mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice. Kichwa hicho kinastahili kusomwa polepole. Kwa Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja. Kwa Nyerere wamekuwa wengi. Neno “bepari” lililetwa pwani na wafanyabiashara wa Kihindi likiwa na maana ya mchuuzi mkubwa, lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha hakuna Mtanzania aliyelisikia hivyo tu. Kwa neno moja lawama imeondoka kwa Shylock, mkopeshaji Myahudi wa tamthilia hiyo, peke yake, ikawaangukia wote wanaofanya biashara katika mji huo, pamoja na wale wanaomdharau. Sijui njia bora zaidi ya kuonyesha maana ya athari ya mwandishi.

Darasani, Antony akimaliza, hatuanzi mjadala. Tunasoma onyesho fupi linalofuata, ambapo umati uliochochewa unakutana njiani na Cinna mshairi. Jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Anajitetea kwamba yeye siye. Wanajibu kwamba basi araruliwe kwa sababu ya mashairi yake mabaya. Wanaosoma sauti za umati ni wanafunzi walewale waliokuwa wakimsikiliza Antony, na wakifika hapo sauti zao hushuka.